Spika ikifunguliwa mpaka mwisho, unajuaje ni nzuri ama ni kelele tu?

kijana_wa_Arua

Wazee shikamoo, wengine habari zenu. Kiswahili changu ni cha Arua na cha kambini kwa baba, msinicheke, nataka msaada tu.

Niko na kazi yangu kidogo ya muziki, napiga kwenye arusi, matanga, ubatizo wa watoto, hapa Arua na wakati mwingine mpaka Koboko. Mwezi uliopita nilipanda basi ya usiku nikaenda Kampala na milioni moja na laki nane mfukoni kununua spika mbili, zile zenye ampu ndani, wufa ya inchi 15. Dukani yule kijana muuzaji akaweka wimbo akafungua spika A mpaka mwisho, halafu akachomoa waya akaweka kwa spika B, wimbo ule ule, mpaka mwisho pia. B ilinipiga hapa kifuani, karatasi za risiti zikaanza kutembea kwa meza. A ilikuwa, sijui niseme aje, ilikuwa imetulia. Nikasema moyoni hii A ni ya watu wa maombi ya kimya, nikabeba B.

Arusi ya kwanza ilikuwa Oli. Saa moja ya kwanza watu wanacheza vizuri. Kufika saa ya pili emsii anaongea na hakuna mtu anashika maneno, unasikia tu kha kha kha, nikiongeza inazidi, nikipunguza vijana wanapiga miluzi. Wamama wazee waliokaa mbele wakaanza kubeba viti vyao mmoja mmoja kupeleka nyuma, na shangazi mmoja alipopita karibu na meza yangu akaniinamia akaniuliza, mwanangu, hii ni muziki ama kuna mtu anaangusha mabati? Mpaka leo sijamjibu.

Kitu ya pili, duka hiyo hiyo nilinunua hedifoni kubwa za kufunika sikio. Kwenye basi ya kurudi zilikuwa tamu ajabu, nimefungua fulu toka Bombo mpaka Karuma, besi imekaa pazuri kabisa. Nyumbani usiku, kimya, nikaweka wimbo ule ule, besi inavuma kama nyuki wako ndani ya mtungi na juu inachoma choma. Hedifoni ni zile zile, simu ile ile!

Sasa swali langu, mtu anapima aje ubora wa sauti ikiwa juu? Dukani kuna kelele, muuzaji ana haraka, na ukifika spika ya tatu masikio yenyewe yamechoka kila kitu inasikika sawa tu.

---

fundi_koili

Kijana pole. Mimi niko Katwe, kazi yangu ni kufunga koili za spika zilizoungua, ule waya uliozungushwa unaosukuma koni, kwa hiyo watu kama wewe ndio mnanilisha, lakini ngoja nikwambie ukweli.

Hapo dukani hamkupima spika, mlipima nobu. Nobu ikiwa mwisho kwa A na nobu ikiwa mwisho kwa B si sauti moja. Hizi zenye ampu ndani ndio mbaya zaidi, kiwanda kinaweka geini, yaani kiasi ampu inavyokuza sauti inayoingia, juu sana makusudi ili ukifungua kidogo tu iwe tayari inapiga kelele, halafu wanainua besi kidogo na kuinua juu kidogo, mnunuzi anasema hii ina nguvu. Nguvu gani, ni rangi ya mdomo tu hiyo.

Na sikio lenyewe ndivyo lilivyoumbwa. Kuna Wamarekani wawili, Fletcher na Munson, waliandika hii mambo mwaka 1933 baada ya kupima masikio ya watu: sauti ikiwa chini sikio linasikia besi vibaya na juu kabisa vibaya pia, linasikia katikati tu, pale kwenye sauti ya mtu. Ukiongeza, besi inatoka, na juu inatoka. Kwa hiyo spika yoyote ukiifungua zaidi ya mwenzake utaisikia ina besi zaidi na iko wazi zaidi hata kama ni mbovu. Hata tofauti ndogo ya desibeli moja, kile kipimo cha ukubwa wa sauti, hutasema hii iko juu, utasema hii ni safi. Wauza spika wote wanajua hii, hata wasiojua jina la Fletcher.

Dawa yake ni moja tu, sawazisha kwanza ndio usikilize. Weka apu ya kupima sauti kwa simu, ziko za bure. Haijalishi kama namba yake si sahihi, wewe unalinganisha tu. Cheza ile kelele ya shshsh kama mvua kwa mabati, mafundi wanaiita pinki noizi, simu iwe mahali pamoja, mita moja mbele ya spika, usiguse simu. A ikisoma 85, punguza B mpaka isome 85 pia. Sasa cheza wimbo. Nakuhakikishia nusu ya spika zinazopiga kifuani zitageuka kuwa debe.

Wati usiziangalie. Kuna spika inakuja hapa kwangu imeandikwa 5000W PMPO kwa herufi kubwa kama ya bango la uchaguzi, nikifungua nakuta transfoma inatosha kiganja. PMPO haina maana yoyote, tafuta RMS, zile wati za kweli za kuimba mfululizo. Na hata hiyo RMS, ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, na ili sikio liseme hii sasa imekuwa kubwa mara mbili unataka kama 10, yaani wati mara kumi. Spika isiyo na ampu angalia nyuma imeandikwa desibeli ngapi kwa wati moja kwa mita moja. Ya 87 ukiipa wati 100 inafika 107. Ya 97 inafika hapo hapo na wati 10. Sasa niambie nani ana nguvu.

---

muchomo_Wandegeya

Banange mmeanza masomo hapa. Mi niko na pork joint, nina spika mbili, kipimo changu ni kimoja: fungua fulu, ikipasuka ni mbaya, isipopasuka ni nzuri. Mteja anataka kusikia kifuani. Hakuna mteja amewahi kuniuliza kuhusu Munson.

---

fundi_koili

@muchomo_Wandegeya na wewe nimekufungia koili mara ngapi mwaka huu ssebo? Au nisiseme?

---

muchomo_Wandegeya

Usiseme.

---

dada_wa_mikisa

Kaka wa Arua, mimi nafanya saundi kanisani Jinja, kila jumapili, na katikati ya wiki arusi. Fundi amesema kweli ila kuna kitu kimoja hakukigusa na kwangu mimi ndicho kikubwa kuliko vyote.

Spika nzuri ikiwa juu haisikiki kama iko juu. Narudia kwa sababu watu wananibishia kila siku. Ile hisia ya "eeh hii inapiga" mara nyingi ni sauti inayopasuka, ndiyo inayokwambia kuna kelele. Ikiwa safi hushtuki. Unakaa hapo unafurahia, unamgeukia mwenzako umwambie kitu, unakuta midomo inacheza tu hakuna anayesikia mwenzake. Ndio unagundua kumbe iko juu sana. Kwa hiyo kipimo changu dukani ni hicho, naenda na mtu, tunasimama mita mbili kutoka kwenye spika, muuzaji anaongeza polepole, na mimi naendelea kumpigia mwenzangu hadithi. Ile spika iliyotuzima tusisikizane kabla hatujaona ni kelele, hiyo naichunguza zaidi. Ile tuliyoikunjia uso mapema na bado tunasikizana, naiacha hapo hapo. Ndio maana ile A yako ilikuwa "imetulia". Inawezekana uliacha mali, siwezi kuapa maana sikuwepo, lakini inawezekana.

Halafu usitumie wimbo wa muuzaji. Wimbo wa muuzaji umechaguliwa kama nyanya za juu kwenye sado. Nyimbo nyingi za sasa pia zimebanwa tayari, kila kitu kiko juu toka mwanzo mpaka mwisho, mle ndani kupasuka kumeshaanzia studio, sasa utajuaje ni spika? Mimi nabeba vitu vitatu kwenye USB.

Cha kwanza, sauti ya mtu ninayemjua akiongea tu. Mimi nina sauti ya mama yangu akisoma matangazo ya kanisa, dakika mbili, niliirekodi nje kwenye nyasi bila mwangwi. Sikio linaijua sauti ya mama kuliko gitaa lolote. Nikiongeza sauti nataka nisikie kama mama amesogea karibu. Nikisikia kama mama amekasirika, au amepata mafua, au anaongea ndani ya ndoo, basi.

Cha pili ni engalabi. Ile ngoma ndefu ya Kiganda ya ngozi ya kenge, inapigwa kwa mikono mitupu. Ule mkono unapogonga ngozi kuna pigo la kwanza kali kama kofi, halafu ndio mlio. Ikiwa chini spika zote zinaitoa. Fungua, spika dhaifu inakata lile kofi, inabaki na bumbum tu, kama mtu anapiga godoro. Haipasuki! Hapo ndipo kipimo cha ndugu yetu wa muchomo kinaposhindwa, kwa sababu spika nyingi za kisasa zina limita ndani, zimefundishwa zisipasuke, zinaminya tu. Hizi ndogo za Bluetooth ndio usiseme. Weka nusu, sikiliza besi. Peleka mwisho, besi imebaki pale pale na sauti ya juu peke yake ndiyo imepanda, sasa imekuwa nyembamba inakukata. Haikupasuka, lakini imekwisha.

Cha tatu kwaya, watu arobaini pamoja na kinanda. Ikiwa juu, je bado nasikia soprano na alto kama watu tofauti, au wamekuwa ukuta mmoja? Ukuta ukija ujue spika imefika mwisho wake, punguza kidogo, hapo ndipo mwisho wa kweli wa hiyo spika, nobu isome vyovyote.

Ila kaka, kabla hujaitukana B niambie kitu. Siku ile ya Oli taa nyekundu kwenye mikisa yako, ile mashine ya kuchanganya sauti, ilikuwa inawaka?

---

kijana_wa_Arua

Dada asante sana, nimecheka ile ya godoro maana ndio kabisa ngoma zilivyokuwa.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka eeh. Mimi nilifikiri ni dansi zake.

Na niongeze, tulikuwa kwa jenereta usiku ule, umeme ulikuwa umeenda toka saa kumi na mbili. Sijui kama inahusu.

---

dada_wa_mikisa

Dansi zake 😂😂 Mungu wangu.

Kaka hiyo taa ikiwaka maana yake sauti imeshakatwa kichwa kabla hata haijafika kwenye waya wa spika. Wimbi ambalo lilikuwa la mviringo limekuwa limekatwa juu kama sanduku. Ukinunua spika ya milioni kumi itakutolea lile sanduku vizuri sana, kwa usafi. Karibu nusu ya "spika mbovu" ninazoitiwa ni geini ya maiki au mtu wa kinanda amejifungulia mwenyewe. Shusha geini ya kila chaneli mpaka taa iwake mara moja moja tu mtu akipiga kelele, ndio upandishe huko mbele.

---

fundi_koili

Jenereta inahusu sana, kwa nini hukusema mwanzo. Vifaa vyetu ni vya voltu 240. Jenereta ndogo yenye friji, taa za rangi na ampu juu yake inashuka, nimeona mpaka 180, na hata umeme wa kawaida jioni watu wakipika unaweza kushuka kwenye vijiji vya mwisho wa laini. Sasa kama ampu ya ndani ni ya transfoma ya kawaida, voltu zikiwa 180 badala ya 240 ni robo tatu, na nguvu inakwenda kwa voltu mara voltu, kwa hiyo unabaki na kama asilimia 56. Ile B ya wati 150 usiku ule ilikuwa ya 84. Kwa sikio hiyo ni desibeli mbili na nusu tu, si kitu kikubwa, lakini wewe hukukubali, uliongeza, ndio ikakata kichwa mapema. Zile zenye pawasaplai ya swichi zinavumilia, kama umeandikwa nyuma 100 mpaka 240 ujue ni ya aina hiyo.

Na lile swala la saa ya kwanza vizuri saa ya pili mbaya. Hiyo ni joto. Hapa mezani kwangu nina koili moja imekuwa nyeusi kama kahawa, ukiinusa ni kama plastiki na sukari vimeungua pamoja, ukisukuma koni kwa vidole viwili unasikia krr krr kama mchanga kwenye gunia. Ilikuwa nzima siku moja kabla. Koili ni waya wa shaba au alumini, shaba ikipanda joto nyuzi moja ukinzani wake unaongezeka karibu asilimia 0.4, ikipanda nyuzi mia umeongeza kama asilimia 40. Koili ya "ohm 8" ikiwa baridi multimita inasoma kama 6, ikipata moto inavuka 8. Maana yake ampu ile ile inaingiza nguvu kidogo, sauti inashuka yenyewe pole pole, dijei anaona imeshuka anaongeza, joto linaongezeka, inashuka tena, anaongeza tena. Mwisho wake ni mimi.

Kwa hiyo kipimo cha dakika mbili dukani hakikwambii habari ya saa ya pili. Omba wakuachie iimbe nusu saa kwa sauti unayotumia kazini, weka alama mahali simu iko, soma desibeli za ule wimbo mwanzo, usome tena mwisho, wimbo ule ule sehemu ile ile, nobu isiguswe. Ikishuka moja hakuna neno. Ikishuka tatu, hiyo spika imekula nusu ya nguvu yako imegeuza joto kama pasi. Muuzaji akikataa nusu saa, muulize anaogopa nini.

Onyo: kuna watu wanapenda kupima kwa mlio mmoja wa apu, ule wa uuuuu. Chini, kama hezi 50, ni sawa, ongeza taratibu, spika ikichoka utasikia mlio wa pili unatokea juu ya ule wa kwanza, kama mtu anapuliza chupa nyuma yake. Lakini usipeleke mlio wa juu kwa fulu kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, twita inakufa kimya kimya bila kusema kwaheri.

---

mzee_wa_kaseti

Wanangu hamjambo. Mimi ni mtu wa Tororo, baba yangu alikuwa reli ndio sababu ya hiki Kiswahili, na nilikuwa dijei Kampala wakati wa kaseti na sahani. Nimesoma yote mliyoandika, mazuri, lakini mnaongea habari za spika na wufa na koili, na hakuna aliyeuliza habari ya chombo cha kupimia chenyewe.

Sikio nalo lina limita. Sauti kubwa ikiingia kuna kimsuli kidogo ndani kinakaza kile kifupa kinachogusa sikio la ndani, sauti ipungue, besi hasa. Ukikaa ndani ya kelele nusu saa, hata ukitoka unasikia kama umefungwa pamba. Sasa wewe kijana umeshuka kwenye basi, usiku mzima mngurumo wa injini, asubuhi unaingia dukani kuchagua spika. Umechagua kwa masikio gani? Masikio yamelewa. Ndio maana ile iliyotulia uliiona haina kitu, na ile ya kupiga ndiyo iliyokuamsha. Mimi ningekulaza kwanza.

Hedifoni zako sasa. Mle ndani ya basi kuna mngurumo wa injini, na mngurumo ule ni besi, unameza besi ya muziki. Kiwanda kimeweka besi nyingi, basi limekula nusu, ukapata kipimo cha haki. Nyumbani hakuna wa kula. Hedifoni ni zile zile kweli, kilichobadilika ni jirani. Na hedifoni nyingi hazipasuki kama spika, kile kidude chake kidogo hakifanyi kazi nzito, mpaka ipasuke sikio lako limeshaumia zamani. Kwa hiyo hedifoni usiipime kwa fulu, ni kazi bure. Ipime hivi: kaa mahali kimya, sauti ya kawaida, bonyeza vikombe vyote viwili kwa viganja taratibu. Besi ikibadilika sana ujue hazifungi vizuri kwenye kichwa chako, au una miwani inaachia upenyo, na mtu ambaye hedifoni zake hazifungi ndiye anayefungua fulu kila siku akitafuta besi iliyotoka nje kupitia upenyo.

Jambo jingine ni mazoea yangu sasa na mjukuu wangu. Sauti inawekwa ukiwa nyumbani, kimya, ukiwa na akili zako. Ukiingia kwenye taxi usiongeze zaidi ya mstari mmoja. Kama haisikiki tafuta hedifoni inayoziba vizuri zaidi, usitafute sauti kubwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 ni masaa 40 kwa wiki basi. Ikifika 90 ni masaa 4 kwa wiki. Hesabu ni ile ile ya fundi, kila tatu zikiongezeka kata muda nusu. Bombo mpaka Karuma kwa fulu, kijana, umekula posho ya mwezi.

Mimi sikujua hayo. Nilikuwa nasimama na spika ya monita, ile ya dijei kujisikia mwenyewe, hapa kushoto, kila ijumaa na jumamosi. Sasa sikio la kushoto linapiga wiiiii usiku kucha, haliachi, mke wangu akiniita kutoka kushoto simsikii na anafikiri nimemnyamazia makusudi. Wakati mwingine ni makusudi, lakini si siku zote.

---

muchomo_Wandegeya

Mzee shikamoo. Ile ya mwisho imenigusa. Mi nikifunga saa nane za usiku masikio yanalia mpaka asubuhi, nilifikiri ni waragi.

---

mzee_wa_kaseti

Marahaba. Si waragi. Kesho sogeza spika mbali na kaunta yako, ipandishe juu kidogo iangalie wateja. Nje kila ukizidisha umbali mara mbili unapata nafuu ya desibeli 6, bure, bila kununua kitu. Ndani ya chumba ni pungufu ya hapo maana ukuta unarudisha.

---

dada_wa_mikisa

Naongezea ya mzee, na hiyo hiyo ya ukuta ndiyo inayodanganya dukani. Duka ni dogo, sakafu ya simiti, ukuta tatu, spika imewekwa kwenye kona. Kona inaongeza besi peke yake. Ukiitoa ukaipeleka uwanjani Oli ile besi ya kona inabaki Kampala. Kama wanakuruhusu, iburute mpaka mlangoni, igeuze iangalie barabarani, sikiliza ukiwa nje. Watu watakuangalia, waache.

---

kijana_wa_Arua

Wazee na dada, nimerudi. Nilinyamaza wiki mbili nilikuwa nafanya homuwaki.

Niliazima spika mbili za rafiki yangu mmoja wa kanisa, za zamani, tumezipeleka na B zangu kwenye kiwanja cha mpira asubuhi, masikio yakiwa yamelala. Tukasawazisha na apu kwa ile shshsh, 88 kwa 88. B kufikia pale ilibidi nobu iwe chini ya nusu! Yaani ile nobu yote iliyobaki ni ya kuharibu tu. Nikacheza sauti ya mama yangu mwenyewe, anasoma orodha ya michango ya msiba. Kwa zile za zamani ni mama. Kwa B ni mama amebanwa pua na anadai mtu pesa. Nikashusha trebo kidogo kule nyuma, pua ikafunguka.

Tukaiacha nusu saa. B ilianza 96 ikamaliza 94. Fundi sijui hiyo unaiweka wapi, moja umesema hakuna neno, tatu ni pasi. Mimi niko katikati.

Ile ya kuongea na mwenzako nimejaribu na dogo langu. Kwa zile za zamani tulinyamazishana bila kujua, nikamwona anaongea tu, nikafikiri anaimba. Kwa B tuliziba masikio kwanza.

Jumamosi nilikuwa na arusi tena, pale pale Oli. Geini nimeshusha, taa nyekundu imewaka labda mara tano usiku mzima, maiki ya emsii nimekata besi yote chini ya hezi 100 kama jamaa wa hizo spika za zamani alivyonifundisha, B zimepandishwa juu ya stendi zinaangalia katikati ya watu na sio paji la uso la wamama. Vijana walipiga miluzi mwanzo, nikawaacha, baada ya nyimbo mbili walikuwa wanacheza.

Shangazi alikuwepo. Alikaa mbele. Emsii alipoanza kusoma majina ya wakwe nikamwona amesimama, ameshika kiti. Roho yangu ikaenda chini. Akasogea nyuma hatua mbili, akakaa.

---

fundi_koili

Mbili ni sawa, zimepata joto lakini hazijageuka pasi. Usizifungue zaidi ya hapo ulipopimia, hasa ukiwa kwa jenereta. Na jenereta yenyewe ulipima voltu ngapi jumamosi?

---

kijana_wa_Arua

195, friji ikiwa imechomekwa.

---

fundi_koili

Chomoa friji.

---

muchomo_Wandegeya

Na soda za bwana arusi?